Simu moja, watoto watatu: Mzazi, nafasi yako ni ipi?

Ni saa mbili usiku. Umeshuka matatu pale Waithaka, ukatembea hadi Mutuini huku ukikwepa matope, na mkononi una mfuko wa sukumawiki na nyanya. Kabla hujavua viatu, kifungua mimba wako amekwisha kukuuliza: "Mama, simu ina chaji?"

Hakuuliza habari za kazi wala kama umeleta mkate. Mwalimu wake alituma zoezi la hesabu katika kundi la WhatsApp la wazazi tangu saa tisa alasiri, na simu pekee ya nyumbani inayoweza kulifungua ni hiyo uliyokwenda nayo kazini. Nyuma yake wamesimama wadogo zake wawili. Mmoja ameagizwa atazame video kuhusu sehemu za mmea. Kitinda mimba hana zoezi lolote ila anataka katuni, na yeye ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote.

Unawapa simu na kuinama jikoni. Chakula kinapoiva, saa nzima imekwisha pita. Hesabu zilizofanywa ni mbili, video ya mmea haikufunguliwa, bando limekwisha, na wa mwisho amelala juu ya kiti huku katuni zikiendelea kucheka peke yake.

Je, msomaji, kisa hiki umekisikia kwa jirani, au ndicho kinachotokea nyumbani kwako?

Ikiwa ni chako, usijilaumu kupita kiasi. Hauko peke yako. Lakini pia usiseme, "Hayo ni mambo ya watoto wa siku hizi," kisha ukanyamaza. Simu hiyo moja ndiyo duka lako, ndiyo benki yako, na sasa imekuwa darasa la wanao. Isipopangiwa utaratibu, itaharibu kazi zote tatu.

Tulikotoka

Kusomea nyumbani kwa mitambo si jambo geni katika nchi hii. Wazazi waliosoma shule za msingi katika miaka ya sabini na themanini watakumbuka redio ikiwekwa juu ya meza ya mwalimu, darasa zima likanyamaza kusikiliza vipindi vya shule vilivyoandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, na kupeperushwa na Sauti ya Kenya. Taasisi hiyo ndiyo iliyogeuzwa kuwa KICD mwaka 2013, na ndiyo inayotayarisha mitaala ya shule hadi leo.

Lakini redio ile ilikuwa shuleni, na mwalimu alikuwepo. Mambo yalibadilika ghafla Machi 15, 2020, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipotangaza kwamba shule zote zingefungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19. Wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirejea Oktoba 12 mwaka huo. Wengine wote walikaa nyumbani hadi Januari 4, 2021. Hiyo ni zaidi ya miezi tisa. Majirani zetu wa Uganda waliona makubwa zaidi, kwani kule shule hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022.

Serikali haikukaa bure. KICD ilipeleka masomo katika redio ya KBC, katika runinga ya Edu Channel na katika YouTube. Hata hivyo, hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuwa imekwisha kutuonyesha tulivyo: katika kila nyumba 100 nchini, nyumba zipatazo 57 zilikuwa na redio, 41 zilikuwa na runinga, na 18 tu ndizo zilizokuwa na intaneti. Zilizokuwa na tarakilishi hazikufika hata 10.

Kwa hivyo katika jiji hilihili moja watoto walisoma kwa namna mbili. Katika mitaa ya wenye nacho, kama Karen na Lavington ambayo haiko mbali na Mutuini, kulikuwa na watoto waliokaa mbele ya skrini kila asubuhi na kuitikia mwalimu akiita majina. Katika ploti za mabati kulikuwa na mtoto aliyengoja baba arudi na simu kutoka kwenye kazi ya boda boda, na akirudi chaji imekwisha.

Shule zilipofunguliwa wengi tulipumua. Tukadhani jambo hilo limepita. Halikupita. Makundi ya WhatsApp yaliyoundwa wakati ule yalibaki, na mtaala wa umilisi ukaongeza kazi za kufanyia nyumbani: piga picha, tafuta habari, tazama video, chapisha karatasi kwenye saiba. Leo mtoto wa shule ya kutwa husomea mahali pawili, shuleni na nyumbani. Shuleni ana mwalimu. Je, nyumbani ana nani?

"Lakini mimi sikusoma sana"

Hili ndilo neno ambalo wazazi wengi hulitanguliza. Mzazi huona aibu. Aliachia Darasa la 8, au alimaliza Kidato cha 4 lakini hesabu za mwanawe hazifanani na alizofundishwa yeye. Anaogopa kuulizwa swali asilojua, basi anampa mtoto simu na kuondoka zake.

Mzazi mwenzangu, hebu tuliweke wazi jambo hili: hakuna anayekutaka uwe mwalimu. Mwalimu yuko. Anachokosa mtoto anaposomea kwenye simu si mtu wa kumpa majibu, maana majibu yamejaa tele humo. Anachokosa ni mtu wa kumsikiliza. Darasani mwalimu huona macho ya mtoto na kujua kwamba hajaelewa. Simu haioni macho. Video huendelea kusema hata kama mtoto amelala.

Kazi hiyo unaiweza, hata kama hujui kusoma. Mtoto akimaliza kutazama somo, mwambie aweke simu chini, kifudifudi. Kisha mwambie: "Haya, nifundishe mimi." Acha akueleze kwa maneno yake, kwa Kiswahili, kwa Kikuyu au kwa lugha yoyote mnayozungumza nyumbani. Endelea kukata mboga zako huku ukisikiliza. Akikwama, usimkemee. Mwambie arudi atazame sehemu ile tu iliyomkwamisha, kisha aje aendelee.

Chukua mfano wa sehemu. Mtoto amesoma kwamba robo tatu ukiongeza thumuni moja ni thumuni saba. Jibu analo. Muulize, "Umeipataje saba?" Kama ameelewa, ataweza kuchukua chapati, akaigawa vipande vinane, akakuonyesha kuwa robo tatu ni vipande sita, na kimoja zaidi ni saba. Kama amenakili tu, atakuambia, "Ndivyo ilivyo kwenye simu." Hapo umekwisha jua, na hukuhitaji cheti chochote kujua.

Si mchezo tu huo. Mtu anapojitahidi kukumbuka jambo bila kuliangalia, na kulieleza kwa mdomo wake, jambo hilo hushika akilini kuliko akilitazama mara tatu. Walimu wazuri wanalijua hilo tangu zamani. Ndiyo maana hukuita mbele ya darasa ukaeleze ubaoni.

Simu ibebe swali, daftari lifanye kazi

Sasa turudi kwenye simu moja na watoto watatu. Kosa kubwa tunalofanya ni kumwachia mtoto simu kwa muda wote anaofanya zoezi. Zoezi la hesabu kumi laweza kuchukua dakika 50, lakini kuyasoma na kuyanakili maswali yenyewe ni dakika 10 tu. Dakika 40 zilizobaki simu inakaa wazi mbele ya mtoto, na mtoto ni mtoto. Atachungulia TikTok.

Kwa hivyo weka sheria hii: simu ibebe swali, daftari lifanye kazi. Mtoto anafungua kundi la WhatsApp, ananakili maswali katika daftari la kazi za nyumbani, kisha simu inampokea mwingine. Akimaliza, anarudishiwa kwa dakika chache apige picha ya kazi yake na kumtumia mwalimu. Kwa utaratibu huu simu moja huwatosha watoto watatu katika saa moja, na bado ikabaki na chaji ya kukuamsha asubuhi.

Andikeni ratiba kwenye karatasi na kuibandika ukutani, kando ya kalenda. Yule mwenye mtihani mwaka huu atangulie, kisha mwenye video, kisha mwenye maswali mafupi. Yule mdogo wa katuni apewe zamu yake pia, fupi na ya mwisho, maana mtoto anayejua kwamba zamu yake itafika halii sana. Ratiba ikiwa ukutani, ugomvi si baina ya mtoto na mama tena. Ni karatasi inayosema.

Na kama baba au mama hutoka na simu hadi usiku? Hapa panahitaji mazungumzo na mwalimu. Wazazi wengi huogopa kumwambia mwalimu kwamba simu hufika nyumbani saa mbili. Mwambie. Mwombe, kwa heshima, maswali yawe yakiandikwa ubaoni kabla ya watoto kutoka shuleni, au yatumwe jioni ya siku iliyotangulia. Mwalimu hawezi kujua yanayotokea Mutuini usiku ikiwa kila mzazi kwenye kundi hujibu, "Asante sana mwalimu."

Kupunguza gharama

Bando ni pesa, na pesa ni kibarua. Zipo njia za kuzifanya zidumu. Video ikifunguka, usiiache ijichagulie ubora wa picha. Video ya ubora wa 720 yaweza kula zaidi ya gigabaiti moja kwa saa, ilhali ile ya 240 hula sehemu ndogo tu ya hiyo. Kwa somo la hesabu, sauti na maandishi ya ubaoni ndiyo muhimu, na picha hafifu inatosha mradi maandishi yasomeke. Mfundishe mtoto kubadili kipimo hicho katika mipangilio ya video.

Pili, zungumzeni katika ploti. Mara nyingi watoto wawili au watatu wa ploti moja wako gredi moja. Somo likifunguliwa mara moja katika nyumba moja, watatu wakatazama pamoja, bando ni moja. Na wakiulizana maswali baadaye, kila mmoja amepata mwalimu mdogo. Kesho ni zamu ya nyumba nyingine. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, usiidharau redio, wala kitabu. Kazi nyingine zinazoonekana kuwa za mtandao zaweza kufanywa bila mtandao. Mtoto aliyeambiwa atafute habari za mimea ana bahati akiwa Mutuini, ambako pembeni ya nyumba za kupanga bado kuna vishamba vya sukumawiki, mahindi na nyasi za ng'ombe. Mtoe nje. Ang'oe magugu, aoshe mizizi, achore anachokiona. Video aitazame baadaye kuhakikisha, si kuanzia.

Mahali pa kukaa

Nyumba nyingi za mtaa huu ni chumba kimoja. Hakuna cha "chumba cha kusomea." Hata hivyo, mtoto anaweza kuwa na pembe yake: kiti kilekile, meza ileile, saa ileile, mgongo ukiielekea runinga. Na kwa saa hiyo moja runinga izimwe kwa wote, baba pia. Ni vigumu kumwambia mtoto asichungulie mpira ambao wewe unaushangilia.

Taa iwe juu au upande, isitoke kwenye skrini peke yake. Kila baada ya dakika 20, mwambie ainue macho atazame kitu kilicho mbali, hata mlango wa jirani, kwa sekunde 20. Hilo huyapumzisha macho. Na saa ya kulala ikifika, simu ilale kwako, si chini ya mto wake.

Mlango ulio wazi

Kuna jambo lililo zito kuliko bando. Simu unayompa mtoto ni mlango, na huo mlango huelekea kwenye pesa zako na kwa watu usiowajua.

Namba ya siri ya M-Pesa si ya mtoto, hata awe mwaminifu namna gani. Wapo wazazi waliotuma watoto "nitumie mia mbili kwa mama mboga," na baadaye wakashangaa salio limekwenda kwenye kamari. Sheria ya Kenya hairuhusu mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini simu haijui nani ameishika. Inajua namba ya siri tu.

Simu nyingi za Android zina mpangilio wa kuifunga kwenye programu moja, kiasi kwamba mtoto hawezi kutoka humo mpaka uweke namba yako. Mwulize kijana wa duka la simu akuonyeshe, au mwulize mwanao mkubwa. Usione haya. Kisha umwambie mtoto waziwazi kwa nini umefanya hivyo.

Mweleze pia kwamba mtu yeyote anayemwandikia na kumwomba picha, au kumwambia "usimwambie mama," ni lazima akwambie. Na siku atakapokuambia, usimpige wala usimnyang'anye simu kwa hasira, maana hatakuambia mara ya pili. Mkihitaji msaada, ipo namba 116 ya kusaidia watoto, na kuipiga hakulipishwi.

Na yale majibu ya mashine?

Mwishowe, kuna jambo jipya ambalo wazazi wengi hawajalijua lakini watoto wa sekondari msingi wanalijua sana. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mwanafunzi anaweza kuuliza swali lolote na kuandikiwa insha nzima kwa dakika moja, kwa Kiingereza safi. Programu hizo za akili unde hazikosi manufaa. Zaweza kumweleza mtoto jambo kwa njia nyingine asipolielewa. Lakini pia hukosea, na hukosea kwa ujasiri, bila kusema, "Sina hakika." Na kampuni yenyewe inayoitengeneza ChatGPT imesema haifai kutumiwa na watoto wa chini ya miaka 13.

Utajuaje kama insha ni ya mwanao au ni ya mashine? Kwa njia ileile ya chapati. Mwambie aweke simu chini, akufundishe. Aliyeandika mwenyewe atakueleza, hata kwa kugugumiza. Aliyeandikiwa ataanza kukuna kichwa.

Msimamo wetu usiwe wa kumwona mtoto kama mwizi. Mtoto anayenakili aghalabu ni mtoto aliyechoka, au aliyeona aibu kusema hajaelewa. Anza kwa kuuliza ni wapi palipomshinda.

Anza leo

Leo ni Jumapili, na wengi wenu mko nyumbani. Chukueni karatasi moja na kalamu, mkae watoto wote na wazazi, mwandike ratiba ya simu ya wiki. Waacheni watoto waseme, kwa maana ratiba waliyoichangia wataiheshimu zaidi. Mwezi ukiisha, mkutane tena mwone ni kipi kilichofaulu na kipi kimewashinda.

Kesho jioni utashuka tena pale Waithaka na mfuko wako wa mboga. Utamkuta mtoto mlangoni na swali lake la chaji. Mpe simu akanakili maswali, kisha mvutie kigoda karibu na jiko, kwa sababu chakula kitachukua muda kuiva na wewe una masikio mawili. Mwambie akufundishe. Ikiwa hukubahatika kumaliza shule, huenda hata wewe ukajifunza jambo ambalo hukulipata ulipokuwa rika lake.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Simu haitamlea kwa niaba yako.